Mwani Ulioogeshwa Mara Tatu

Njuguna alikuwa amekereka. Kwa mara ya tatu tangu Septemba ya mwaka 2006, mwani wake ulikuwa unapauka ndani ya chupa, katika maabara ya chuo kimoja cha Maryland. Haukuwa mwani wa pwani, bali ule mdogo ajabu, usioonekana kwa macho mpaka uzaane na maji yageuke kijani. Profesa alishatoa neno la mwisho: yasipogeuka kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, utafiti angepewa mwingine. Bila utafiti hakuna ufadhili, na bila ufadhili ni kurudi Nyeri mikono mitupu.

Kosa alilitoa kibaruani. Wikendi alitunza wazee kule Landover, ambako hata kitasa cha mlango kilipanguswa kwa dawa. Basi na mwani aliuogesha kwa dawa ya kuua bakteria tu, akausuuza, mpaka hakubaki bakteria hata mmoja. Ushauri hakuutaka, maana alijiona jogoo wa maabara.

Jirani yake wa meza, Bupe, dada wa Kitanzania kutoka Mbeya, hakuogesha chochote. Chupa yake ilikuwa kijani kama kisamvu.

"Bupe, please, mwaga hiyo kitu! Imejaa bacteria, itacontaminate zangu!"

"Simwagi, kaka Njuguna. Wako safi umekufa mara mbili, na huu wa tatu unakata roho. Wangu mchafu unanenepa. Nilikwambia tangu mwezi jana, labda hao bakteria wanaulisha."

"Bacteria ilishe nani? Wacha mchezo!"

Akasonya, akatoka, akarudi. Siku zilikuwa zinayoyoma. Mwishowe, huku akinung'unika, akamsogezea Bupe chupa. Bupe aliuchuja mwani wake wote, akachukua maji yaliyobaki na bakteria tu, akatia matone machache katika chupa ya Njuguna.

Alhamisi iliyofuata maji yalikuwa kijani. Kumbe bakteria waliutengenezea mwani vitamini ambayo wenyewe hauwezi kuitengeneza, nao mwani ukawalipa kwa sukari yake. Njuguna alishika kichwa kwa hasira, safari hii akijikasirikia mwenyewe. Miezi mitatu alikuwa akiwaua waliomfanyia kazi!

Ijumaa Profesa alimwachia utafiti, akauliza ni nani wa kuandikwa kwenye ripoti. Kalamu ilisita, aibu ikamchoma Njuguna, kisha akaandika jina la Bupe juu ya lake. Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.