Mkeka wa Siwatu Aliyekwenda Kutazama Jiji

Hapo zamani, na wala si zamani zile wanyama waliposema, ni zamani hizi hizi watu waliponyamaza, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Siwatu. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwishoni nitauliza swali, na hapa hatoki mtu bila kujibu.

Siwatu alikuwa msukaji wa mikeka katika kijiji cha Mtakuja. Alisuka mikeka ya harusi, alisuka mikeka ya msiba, alisuka mikeka ya wageni. Mwenyewe alilalia gunia. Mkeka mpya ni wa mgeni, ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni. Ukichakaa ni wa watoto. Ukitoboka ni wa kuanikia mpunga. Zamu ya msukaji haimo. Aliishi uani kwa shemeji yake, Mzee Ngwali, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, katika chumba kimoja cha nyuma.

Siku moja Siwatu akasema, "Nakwenda jijini."

Wakamuuliza, "Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Kuna harusi?"

"Hakuna harusi."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama," akasema Siwatu. "Nakwenda na basi la alfajiri, nitarudi na basi la jioni, na katikati hapo nitatazama."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke mtu mzima anapanda basi kwenda kutazama! Ninyi pia mnacheka. Chekeni tu, mtajibu ninyi.

Sasa Mtakuja kuna desturi, na kwenu ipo, msijifanye hamuijui. Msafiri hana safari yake. Ukisema unasafiri, kabla hujafunga kanga yako, mizigo ya watu imeshajaa mlangoni. Akaja jirani na gunia la mihogo, ampelekee mwanawe anayekaa mashariki ya jiji. Akaja mwingine na tenga la kuku, ampelekee dada yake anayekaa magharibi ya jiji. Mwisho akaja shemeji Ngwali na ndoo ya samli, apelekewe mwanawe Shomvi, aliyekuwa mkubwa katika ofisi ya masoko, naye alikaa kusini kabisa. Na jiji lenyewe ni kubwa, kubwa hata mvua ikinyesha upande mmoja, upande wa pili wanaanika nguo. Milango mitatu hiyo ingeimeza siku nzima ya Siwatu, asione kitu ila milango.

Ngwali akasema, "Shemeji, samli hii iingie mlangoni kwa mwanangu. Mlangoni, nasema. Isipofika mlangoni, usirudi uani kwangu."

Siwatu akafunga kanga yake. Alichukua mzigo wa kwanza, akachukua wa pili, akachukua wa tatu. Kisha akaongeza wa nne, wake mwenyewe. Ulikuwa mkeka alioushona kwa siri misimu miwili, wenye rangi ya zambarau na nyekundu, ukili wake, ule utepe wa majani ya mkindu unaosukwa na kushonwa kuwa mkeka, ni mmoja tu, mrefu, unazunguka kutoka ukingo hadi ukingo. Alikuwa ameweka nadhiri moyoni: mkeka huu ni wa atakayenipa jiji.

Basi lilimteremsha asubuhi kituoni. Kando ya kituo palikuwa na kibanda cha mbao, na ubao umeandikwa: TUNATUNZA MIZIGO. Ndani alikaa mwanamke mnene mwenye sauti ya mwadhini, jina lake Havijawa.

Havijawa alikuwa na utaratibu wake. Alichukua kitambaa cha kanga kuukuu, akakichana vipande viwili. Kimoja akakifunga kwenye mizigo, kimoja akampa Siwatu.

"Sikiliza, dada yangu," akasema. "Maua ya kipande chako yakikutana na maua ya kipande changu, mzigo unatoka. Yasipokutana, hautoki. Aje mjomba wako, hautoki. Aje askari, hautoki. Mwenye kipande ndiye mwenye mzigo."

"Na nikichelewa?"

"Chelewa. Mimi nipo."

Siwatu akamwambia anakwenda kutazama jiji, akatoka mikono mitupu. Tangu azaliwe hajawahi kutembea bila kubeba kitu, na mikono ilikuwa miepesi mpaka hakujua aiweke wapi. Akaifunga nyuma kama mkuu wa wilaya, akaanza kwenda.

Hakufika mbali. Alikutana na Machano, mtu wa mkokoteni, anasukuma magunia ya vitunguu kumpelekea tajiri wake sokoni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kote."

"Kote kwa miguu? Kwa miguu utaona mtaa mmoja na malengelenge. Una shida na nani huku mjini?"

"Sina shida na mtu. Nimekuja kutazama."

Machano akasimama. Akafuta jasho. "Miaka minane nasukuma vitunguu katika jiji hili," akasema. "Kila jengo nalijua, kila mtaa naujua, na hakuna kitunguu kimoja kilichowahi kuniuliza, lile ni nini." Akayashusha magunia kando ya barabara, akampa msukuma mkokoteni mwenzake ayalinde. Tajiri alikuwa ameshasema kwamba vitunguu visipofika kabla ya adhuhuri, mkokoteni urudishwe, ni wa tajiri. Machano alilijua hilo. Akakung'uta maganda, akasema, "Panda, mama. Leo nimebeba mtu."

Siwatu akapanda. Watu wakamcheka, mwanamke amekaa juu ya mkokoteni kama gunia. Yeye akawapungia mkono. Akaona mnara wa saa, na saa imesimama, na watu wote wanaitazama hata hivyo. Akaona mtaa wanaouza funguo tu, maelfu ya funguo, na hakuna mlango hata mmoja. Akaona daraja lenye treni chini na wauza mitumba juu. Kila kitu aliuliza, kila kitu Machano alijibu, na asilolijua alilitunga papo hapo kwa ufundi mkubwa.

Mwisho wakafika kwenye jengo refu kuliko yote. Mlangoni alisimama mlinzi mwenye kofia ya utepe mwekundu, jina lake Lukindo.

"Una shida na nani, mama?"

"Sina shida na mtu. Nataka kupanda juu kabisa, nitazame."

"Juu hawapandi watu wa kutazama. Wanapanda wenye barua."

"Barua sina. Macho ninayo. Wewe mwenyewe umeona nini huko juu, kaka?"

Lukindo akakohoa. Miaka kumi na minne alifungua mlango ule asubuhi na kuufunga jioni, na juu hajawahi kufika. Hakuna aliyemkataza, alijikataza mwenyewe, maana mlinzi ni wa mlangoni. Neno lile likamchoma. Akavua kofia yenye utepe, akaiweka juu ya kiti chake, ikae zamu badala yake.

"Twende," akasema. "Kazi ikiondoka, itaniacha nimeona."

Lifti ikawapandisha. Wakatokea juu ya paa. Siwatu akatazama mashariki, jiji. Akatazama magharibi, jiji. Akageuka kusini na kaskazini, jiji, jiji, mabati yanang'aa, moshi wa vyakula unapanda, na ukingo hakuuona.

Alifurahi. Sina neno jingine. Alifurahi mpaka akalia, na Lukindo naye akalia, wasijuane machozi ya nani yalitangulia.

Sasa turudi kwenye kibanda. Huko nako hakukuwa shwari.

Shomvi alikuwa amepigiwa simu na baba yake kwamba samli inakuja. Alingoja asubuhi, samli kimya. Ikapita adhuhuri, samli kimya. Akapanda gari lake mpaka kituoni, akauliza huku na huku, akaonyeshwa kibanda. Akaiona ndoo, jina lake limeandikwa ubavuni kwa mkaa.

"Nipe ndoo yangu."

"Kipande kiko wapi?" akauliza Havijawa.

"Kipande gani? Jina langu hilo hapo! Aliyeileta ni mama yangu mdogo."

"Basi msubiri mama yako mdogo."

"Atarudi saa ngapi?"

"Akishiba."

"Akishiba nini?"

"Akishiba macho."

Shomvi akapandisha mori. "Unanijua mimi ni nani? Vibanda vyote vya hapa anayevipa kibali ni mimi. Nikisema neno moja, jioni hii mbao zako ni kuni."

Havijawa akainuka taratibu, akaisogeza ile ndoo, akaikalia. "Sema maneno mawili," akajibu. "Mwenye kipande ndiye mwenye mzigo. Siku nikitoa mzigo kwa kuogopa gari, na wewe usiniamini hata na kandambili zako."

Shomvi akasema neno lake. Wakaja watu na nyundo. Wakang'oa ubao, wakang'oa mlango, wakang'oa paa. Havijawa alibaki amekaa juu ya ndoo katikati ya uwanja, mihogo kulia, kuku kushoto, mkeka magotini, na jua linampiga utosini. Hakuna aliyethubutu kumwinua. Ndugu wa mihogo na ndugu wa kuku nao walikuwa wamepigiwa simu kutoka kijijini, wakaja, wote wakakuta hali ni hiyo, wote wakangoja.

Jioni mkokoteni ukatokea, Siwatu juu yake, Machano anasukuma, Lukindo anafuata kichwa wazi. Siwatu akaona watu wamejazana. Akashuka, akatoa kipande chake. Havijawa akakilinganisha na kile cha kwenye mizigo, ua likakutana na ua. Ndipo akainuka kwenye ndoo.

"Chukueni," Siwatu akawaambia ndugu. "Mihogo hiyo. Kuku hao. Samli hiyo. Kumbe miguu mnayo, na kituo mnakijua!"

Shomvi akaichukua ndoo, akamtazama. "Mama mdogo, baba alisema mlangoni. Hapa si mlangoni. Nimeshampigia. Amesema chumba chako ameshakifunga kufuli, na gunia lako liko nje."

Kondakta akaanza kuita abiria.

Siwatu akauchukua mkeka wake. Kisha akasema, "Nilikuja na nadhiri, na nadhiri hailiwi na kufuli. Mkeka huu ni wa aliyenipa jiji." Akaukunjua pale pale kwenye vumbi, zambarau na nyekundu, na watu wakasema aa.

Havijawa akasema, "Ni wangu. Bila mimi ungekuwa unabisha hodi kusini na tenga la kuku kichwani. Nilikupa mikono mitupu, nikakaa juani, kibanda changu kimekuwa kuni. Aliyekupa jiji ni mimi."

Machano akasema, "Bila mimi ungeliona jiji lipi? Mikono mitupu haitembei. Nilikupa miguu, nikakupa na maneno. Mkokoteni jioni hii unarudi kwa tajiri, kesho sina kazi. Aliyekupa jiji ni mimi."

Lukindo akasema, "Wao walikupa mitaa. Mtaa si jiji. Jiji zima uliliona mara moja tu, ulipokuwa juu, na mlango wa juu niliufungua mimi. Niliporudi chini nilikuta kofia yangu imevaliwa na mtu mwingine. Aliyekupa jiji ni mimi."

Wakataka waukate vitatu. Siwatu akawazuia. Ukili ni mmoja, ukiukata popote unafumuka wote, hakuna atakayepata mkeka, watapata miyaa, majani matupu.

Ndipo kikongwe mmoja wa Mtakuja, aliyekuwa amekwisha panda basi, akatoa kichwa dirishani. "Na wewe msukaji je?" akamwambia Siwatu. "Waliokuuliza unakwenda kufanya nini, nani aliwajibu? Aliyepoteza chumba ili aone jiji ni nani? Usiku wa leo utalalia nini?"

Hilo Siwatu hakuwa amelifikiria. Akautazama mkeka. Akawatazama watu watatu walioharibikiwa kwa ajili yake. Akakumbuka gunia lake lililo nje uani kwa Ngwali. Mikeka yote aliyosuka, hajawahi kukalia hata mmoja ukiwa mpya.

Akavua ndala zake. Akaukanyaga mkeka kwa mguu mmoja, ukili ukalia chini ya kisigino. Mguu wa pili bado uko vumbini. Kondakta anaita mara ya mwisho, na wale watatu wanangoja.

Nimemwacha hapo, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na sitamsogeza mpaka mniambie. Msiniambie wagawane, mkeka haukatiki. Msiniambie hakupaswa kwenda. Kashakwenda, kashaona, na hilo halirudishwi na mtu. Haya, wewe uliyecheka mwanzoni, anza wewe: mtunza mizigo, msukuma mkokoteni, mlinzi wa mlango, au aliyekwenda kutazama? Je, nani alistahili?