Kuti la Ugenini

Kuti la ugenini halipigiwi vigelegele. Mmemsikia mama yenu akimwambia Koburungo asubuhi hii wakifunga begi la safari, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe Koburungo, liache hilo begi kwanza, ndege ni kesho. Methali hii ilianza hivi, na aliyepiga vigelegele ni mimi.

Mwaka ule tulikuwa wanawake sita wa chama chetu cha vanila hapa Bukoba. Tulialikwa nchi moja ya visiwa, mbali kusini, tukajifunze wenzetu wanavyoikausha ikanukia vile. Mmoja wetu alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Koburungo. Ndiyo, jina hilo hilo. Siku ya kuondoka mama yetu aliushika mkono wa mdogo wangu akauweka juu ya wangu, akaniambia nimrudishe kama nilivyomchukua. Nikaitikia upesi upesi. Nilikuwa na miaka thelathini na ushee, nikijiona najua kila kitu.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee Saindu. Ujanani alikaa Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikiweza. Wengine wote pale kijijini walisema lugha yao. Siku ya kwanza alitukalisha barazani akatupa mashauri ya ugenini: tusinywe maji yasiyochemshwa, tusilale bila chandarua, tusitembee mmoja mmoja. Mwisho akasema kitu tusichokijua tumuulize, hata kikiwa kidogo. Tulimwona mzee mwenye wasiwasi. Koburungo alimtania kwa Kihaya, tukacheka mbele ya uso wake naye hajui tunachekea nini. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Mzee Saindu alikwenda msikitini, na sisi kazi ya kuanika tuliimaliza mapema. Jua lilikuwa kali, mwili unanata. Tukashuka pwani. Pale njia inapoishia na mchanga kuanza, tukakuta nguzo mbili, na juu yake makuti mabichi yamefungwa yakapishana. Sasa nyinyi ni watoto wa hapa. Mkikuta migomba na makuti yamesimamishwa njiani, mnaelewa nini? Eti, harusi. Au anapokewa mgeni mkubwa. Nami nilielewa hivyo hivyo.

Nikawaambia wenzangu, jamani, wametupambia. Nikapiga vigelegele. Wakaitikia, na Koburungo akapita chini ya yale makuti akicheza kama bibi harusi, sisi nyuma yake. Kule juu shambani mwanamke mmoja alikuwa akipiga kelele na kutupungia mikono yote miwili. Tukampungia na sisi.

Nilimwambia mdogo wangu asiende mbali. Akanijibu, "Dada, mimi nimekulia ziwani." Ni kweli, kwa kuogelea aliwashinda wanaume. Lakini bahari si ziwa. Kule maji yakianza kupwa, hutoka yote kwa mlango mmoja katikati ya miamba, na mlango wenyewe ulikuwa pale pale mbele yetu. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni, anacheka. Niliinama kuvua viatu. Nilipoinua macho alikuwa mbali, anaogelea kuja kwetu na haji. Aliniita mara mbili. Hakuna kati yetu aliyeijua bahari, na wenzangu walinishika nguo nisimfuate.

Waliposikia mayowe yetu, wavuvi walitoka msikitini mbio, na kanzu zao mwilini, wakaingiza mashua majini. Walitafuta mchana kutwa. Mzee Saindu akaja kuketi mchangani karibu nami. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza kwa nini walifunga makuti ya sherehe mahali pa kifo.

"Si ya sherehe, mwanangu," alisema. "Bahari ikichukua mtu, sisi hufunga makuti pale pale siku arobaini, mwingine asiingie. Hayo ni ya kijana wa jirani yangu. Yule mwanamke aliyekuwa akiwaita ni mama yake."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia mniulize." Kisha akaongeza, "Lakini ilinipasa kuwaambia. Sikujua kwamba kwenu kuti ni furaha. Hilo nami sikuuliza."

Walimpata siku ya pili. Tulimzika kule kule, na kijiji kizima kilikuja kama kwamba ni mtoto wao. Asubuhi yake yule mama wa kijana alinijia na makuti mabichi mkononi. Hakujua neno la Kiswahili, nami la kwake sikulijua. Akanishika mkono tukashuka mpaka kwenye zile nguzo, akanionyesha jinsi ya kufunga. Tuliyafunga ya mdogo wangu karibu na ya mwanawe, tukalia pamoja.

Tuliporudi, mama yetu alikuwa amesimama uani. Alituhesabu tulivyoshuka kwenye gari, akahesabu tena. Safari nzima nilikuwa nimetafuta maneno ya kumwambia. Nilipomfikia, yaliyonitoka ni haya: Mama, kuti la ugenini halipigiwi vigelegele. Hakunielewa. Ikabidi nimkalishe nimweleze yote kama ninavyowaeleza nyinyi, nami nimeushika ule mkono wake alionikabidhi nao mtoto.

Basi, mjukuu wangu, kesho unakwenda kusoma kwenye visiwa vya watu. Utakayoyaona mageni kabisa hayanitishi, maana hayo utayaogopa mwenyewe. Yanayofanana na ya kwetu, hayo ndiyo uyaulize kwanza, hata wakikucheka. Mimi jina hili nimelizika mara moja, sina nguvu ya kulizika tena. Haya, kafunge begi lako. Kuti la ugenini halipigiwi vigelegele.