Mpima Mifereji Aliyeomba Siku Tatu

Inasimuliwa kwamba katika kijiji kimoja cha Khurasani, zama za watu wema waliotutangulia, aliishi mpima mifereji aitwaye Ghailani bin Rustamu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huko maji yaliletwa kutoka mlimani kwa njia iliyochimbwa chini kwa chini, na wachimbaji walisonga mbele gizani wakifuata mstari aliouweka mpima. Akikosea yeye, wanaokufa ni wao.

Ghailani alikuwa mcha Mungu na hodari wa kazi, ila alikuwa na kasoro moja: hakuweza kukaa na jambo moja. Akipima, huku anaitikia salamu. Akihesabu, huku anauliza habari za harusi ya fulani. Watu wakamsifu, wakasema, "Huyu ana vichwa viwili!" Naye, binadamu ni binadamu, sifa zikamlevya.

Mwaka huo mfereji wa kale ulikauka, ngano ikaanza kunyauka, ukaanza kuchimbwa mfereji mpya. Adhuhuri moja Firuzi, msimamizi wa wachimbaji, alimkuta Ghailani barazani, mazungumzo na wageni yamenoga.

"Fundi, ukuta wa mbele umeanza kutoa unyevu. Tuendelee?"

"Endeleeni, endeleeni. Unyevu ni bishara njema," akajibu, kisha akarejea kwa wageni wake.

Alasiri ilipofika alisimama kusali, na katikati ya sala hakujua kama amesali rakaa tatu au nne. Akaikamilisha, akasujudu sijida ya kusahau, lakini moyo ulikwisha kumshtuka. Ikiwa mbele ya Mola wake hakuwapo, je, mbele ya Firuzi alikuwapo? Alijaribu kukumbuka ameulizwa unyevu wa upande gani, akaona hata hakusikia. Hofu ikamwingia, akatoka mbio hadi kwenye kisima walichoshukia wachimbaji, akaamuru wote watoke.

"Firuzi, nilikujibu bila kufikiri. Nipeni siku tatu."

Wenye mashamba wakaghadhibika. "Siku tatu! Na ngano nayo umeiomba ikusubiri?"

Ghailani aliona haya mpaka jasho likamtoka. Hata hivyo akasema, "Aibu yangu ni nyepesi kuliko jeneza la mtu," wala hakurudi nyuma.

Mmoja wa wachimbaji hao alikuwa Sahli, mwana wa pekee wa Bibi Raihana, shangazi yake Ghailani, mjane aliyejulikana kwa ibada. Ghailani akaenda kujifungia katika ghala la shangazi yake ili afikiri. Haya! Mpiga mbiu akapita, Ghailani akainuka kusikiliza. Punda akalia, akachungulia dirishani. Mwisho akatoka uani, ambako bibi yule alikuwa akikamua mbuzi zake.

"Shangazi, akili yangu haikai. Nimeharibikiwa."

"Hujaharibikiwa, mwanangu, umeidekeza tu. Leo umetulia kwa muda wa kukamua mbuzi mmoja. Kesho tulia kwa muda wa mbuzi wawili. Akili ikitoroka usiigombeze, irudishe polepole kama unavyorudisha ndama zizini." Kisha akaacha kukamua. "Ila usiache kuirudisha. Anayeshuka kule chini ni Sahli wangu."

Siku ya pili alitulia mbuzi wawili, jioni akafika wanne. Siku ya tatu mpiga mbiu alipita, na Ghailani hakumsikia kabisa. Alikuwa akiutembea mstari wake kwa fikra, kigingi kwa kigingi, kutoka mlimani. Alipofika kigingi cha tisa akasimama. Akajiona ameshika kamba, mpita njia akimpa habari za mtoto aliyezaliwa, naye akigeuka kumpongeza. Kisha akaifunga kamba kwenye kigingi cha mfereji wa kale badala ya chake. Kutoka hapo mstari wote ulipinda kuelekea kisima kilichoachwa na mababu kikasahauliwa.

Akamwita Firuzi na watu wake, wakaenda wakafunua jiwe la kisima kile. Kilijaa maji ya mvua ya miaka mingi yaliyopenya ardhini, kina cha watu sita. Wakapima tena kwa kamba, na kati ya maji yale na mahali sururu ya Sahli ilipogota mara ya mwisho, ulibaki ukuta wa dhiraa moja tu.

Firuzi akawahesabu watu wake mmoja mmoja. Bibi Raihana akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, akalia, akacheka, akalia tena. Na wale wenye mashamba walionuna, ngano yao ilinyweshwa kwa ndoo kutoka kisima hicho hicho mpaka mfereji mpya ukafika salama.

Watu wakamzunguka Ghailani wakisema, "Umetuokoa!"

"Nimewaokoeni na nafsi yangu mwenyewe," akajibu, akawaeleza kosa lake mbele ya wote.

Ndugu zangu, mshika mawili moja humponyoka. Nasi tunaosujudu huku akili iko sokoni, tumshukuru Mola anayetupa nafasi ya kurejea kabla ukuta haujabomoka. Wanasema tangu siku hiyo Ghailani alipoulizwa jambo alizoea kusema, "Sijui bado, niacheni nikae nalo." Wageni waliposikia hivyo walimdhania mjinga. Mama za wachimbaji waliitikia, "Alhamdulillahi."