Ukoka wa Sultani na Bakora za Wakubwa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambao jina lake wasimuliaji wamebishania hata wakachoka, alikuwako Sultani akiitwa Daruweshi, mtu mwema wa moyo ila mwepesi wa hasira. Katika dunia hii alipenda vitu viwili kupita kiasi: ukoka wa bustani yake na mbwa wake Almasi. Ukoka ule ulitanda mbele ya jumba, laini, kijani kibichi, hata wageni wakavua viatu bila kuambiwa. Na Almasi alikuwa mbwa wa kuwindia, mrefu wa miguu, mwembamba wa kiuno, zawadi ya mfalme wa ng'ambo. Basi balaa ikazuka hapo hapo, kwani mbwa ni mbwa hata umvike mkufu wa fedha, ana haja zake. Kila alipokojoa, baada ya siku kidogo ukoka uliungua, pakabaki baka la manjano, kavu, la kuchukiza.

Ikawa mabaka yanazidi, na Sultani hali wala halali kwa uchungu. Akamwita Waziri wake, Mselemu, akamwuliza, "Ewe Waziri, ni nani anayeuchoma ukoka wangu?"

Sasa huyu Mselemu, nawaambieni, alikuwa bingwa wa kujipendekeza. Kila baraza ilipokwisha, yeye ndiye aliyekimbilia kuing'oa bakora ya Sultani pale ilipochomekwa ardhini, akaibusu ncha yake, akamkabidhi bwana wake kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo atathubutuje kumsingizia Almasi? Singizio gani! Ilikuwa kweli tupu, na bado hakuthubutu.

Akasema, "Maulana, Almasi ni mbwa wa nasaba njema, mkojo wake hauwezi kudhuru jani. Mwovu ni Kishindo, mbwa wa yule punguani Sadala anayekaa nyuma ya ukuta. Auawe, na ukoka utapona."

Sadala mwenyewe alikuwa fukara wa kutupwa, ana kibanda, mke, kishamba cha mihogo na huyo Kishindo. Watu walimwita punguani kwa sababu neno ukimwambia alilichukua lilivyo, halipunguzi wala haliongezi. Kishindo ndiye aliyefukuza nguruwe mwitu wasile mihogo, na bila mihogo, Sadala na mkewe Mwanashee wangekula hewa. Tena alimpenda mbwa yule, akila naye tonge kwa tonge, majirani wakimcheka.

Basi askari wakamleta mbele ya baraza pamoja na mbwa wake, kamba shingoni. Sadala alipoambiwa hukumu, ulimi wake haukujua kutetemeka.

"Maulana," akasema, "amri yako iko juu ya kichwa changu. Ila nauliza kama mjinga: Kishindo akifa na ukoka ukazidi kuungua, atauawa nani baada yake? Maana mbwa atakayebaki ni mmoja."

Wakubwa wakazuia pumzi kwa hofu. Waziri akafoka, "Funga domo lako!" Lakini Sultani akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda mchezo.

"Vema, ewe Sadala. Nakupa muda mpaka mwezi uandame. Sitaki Almasi afungwe, wala apigwe, wala atishwe, wala alishwe dawa, wala atolewe bustanini. Akojoe apendapo. Na ukoka wangu usiungue hata jani. Ukiweza, mbwa wako ni wako. Ukishindwa, Kishindo atakufa mbele ya macho yako."

"Na nikihitaji kitu kwa kazi hii?"

"Utakachotaka kwa mtu yeyote katika baraza hii, atakupa."

"Nimesikia na kutii," akasema Sadala. "Maulana amesema akojoe apendapo. Basi kwanza sina budi nijue anapopenda."

Akapiga magoti, akaweka mikono chini, akaanza kumfuata Almasi mle bustanini, mbwa mbele, yeye nyuma. Mbwa akinusa, naye ananusa. Mbwa akisimama, naye husimama. Lo! Wapishi walitoka jikoni na miko mikononi kumtazama, na Waziri akacheka mpaka kilemba kikalegea.

Habari zikamfikia Mwanashee kabla mumewe hajarudi.

"Mume wangu, umerukwa na akili? Watu wanasema umetambaa kutwa nzima nyuma ya mbwa!"

"Si nyuma ya mbwa, mke wangu. Nyuma ya amri ya Sultani."

"Na hiyo amri, inainua mguu?" akauliza Mwanashee, akacheka, kisha akamkumbatia Kishindo, aliyeachwa nyumbani mpaka siku ya hukumu, machozi yakamtoka.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya baraza, naye akatambaa tena. Na hapa yafaa niwaelezeni ada ya mji ule. Mtu kukaa mbele ya Sultani na bakora mkononi ilikuwa utovu wa adabu mkubwa. Basi kila mkubwa alipofika aliichomeka bakora yake katika ukoka nyuma ya mahali pake, akaketi kwenye jamvi, akamkazia macho Sultani. Kugeuza shingo kabla ya baraza kwisha ilikuwa aibu mbaya zaidi. Naye Sultani, ya kwake ilichomekwa nyuma ya kiti chake, na washairi walipoanza kumsifu, alifumba macho kwa raha.

Basi macho yote yako kwa Sultani, na macho ya Sultani yamefumbwa. Nani wa kumwona Almasi? Sadala peke yake ndiye aliyemwona. Mbwa alipita nyuma ya majamvi taratibu, akafika kwenye bakora ya kadhi, akainusa, akainua mguu. Akaenda kwenye ya liwali, akainusa, akainua mguu. Akazipitia zote bila kumbagua mtu. Sadala akayatazama mabaka ya manjano, akaona yamepangana safu kwa safu kama walivyopangana wakubwa wenyewe. Akauma kidole asicheke.

Baraza ikaisha, wakubwa wakaondoka. Alichukua mtungi, akamwagia maji tele pale palipokojolewa, maana mkojo mbichi ukipata maji mengi papo hapo hauna nguvu ya kuunguza. Pale palipokwisha kufa akapachika vipando vya ukoka mpya. Kisha akabeba mchanga makapu kwa makapu, akaumwaga katika pembe moja ya bustani, kando ya lango.

Siku ya baraza nyingine Sadala akasimama langoni. "Bakora zenu, mabwana. Ni amri." Wakanung'unika, wakatoa, akazichomeka zote mchangani. Waziri akakataa katakata, mpaka Sultani mwenyewe alipomkabidhi Sadala ya kwake, akisema, "Mpe, Mselemu, tuone upunguani wake." Ndipo Waziri naye akatoa. Ikawa hivyo kila baraza, na ukoka ukashika, ukasonga, ukawa kijani kote.

Mwezi ukaandama, na Kishindo akaletwa tena barazani, kamba shingoni. Sultani akaukagua ukoka mwenyewe, akainama, akaupapasa, hakuona jani lililoungua. "Ajabu! Almasi hakojoi tena?"

"Anakojoa apendapo, Maulana. Leo naomba kitu kimoja tu: baraza yote igeuze shingo."

Wakageuza. Kule pembeni Almasi alikuwa akizipitia bakora mchangani kama akida akikagua askari wake, hii, na hii, na hii. Kadhi akaruka, "Astaghfirullahi!" akatazama viganja vyake. Liwali akavificha vyake nyuma. Sultani akacheka hata akashika mbavu. Kisha Almasi akafika kwenye bakora ndefu yenye kichwa cha dhahabu, akainusa kwa heshima, akainua mguu.

Kicheko kikakatika.

"Ewe Sadala," akasema Sultani polepole, "na ilipokuwa nyuma ya kiti changu?"

"Maulana, baka lililokuwa pale lilikuwa kubwa kuliko yote."

Sultani akafikiri. Akamgeukia Waziri wake. "Mselemu... wewe ulikuwa ukiibusu upande upi?"

Waziri alitoka mbio akielekea kisimani, kanzu juu ya magoti, akaokota njiani udongo wa kutoharishia najisi ya mbwa, na wapishi walisema kuwa alijisugua midomo mpaka adhuhuri. Sultani alicheka kicheko ambacho mji mzima ulikisikia. Akamfungua Kishindo kamba kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Mbwa wako ni wako. Sasa niombe utakacho."

"Naomba bakora ya Waziri, Maulana. Nadhani hataitaka tena."

Akapewa. Sadala akarudi kwake na mbwa wake na bakora ya mpingo yenye pete za fedha. Mwanashee alikuwa mlangoni, alipomwona Kishindo akapiga kigelegele hata kuku wakatawanyika. Wakaenda wote shambani, Sadala akaichomeka bakora pembeni mwa mihogo, upande wanaokuja nguruwe. Kishindo akaisogelea, akainusa juu na chini, akainua mguu.