Ufunguo wa Ghala la Sadaka

Sogeeni karibu. Mwenye karanga aache kutafuna kwanza, kwa sababu kisa hiki kinahusu chakula, na kila ninapokisimulia hupandwa na hasira. Sitawaomba radhi kwa hilo. Mkishakisikia chote mtanisaidia kuamua, maana wenyewe kule Chisomelo wameshindwa.

Chisomelo ni kijiji cha Ugogo, na watu watatu ninaowataka muwajue wote ni wa huko.

Wa kwanza ni Sechelela, mjane kijana aliyepika uji wa watoto wa chekechea ya kanisa. Huyu Mungu alimjalia mdomo usioweza kuzibwa. Kama jambo halikumkaa vizuri atalisema, awe mbele ya mkwewe au mbele ya mkuu wa wilaya.

Wa pili ni Nyemo Chiwanga. Binti huyu alizaliwa hapo, akaimba kwaya hapo, kisha akasoma mpaka akawa mtaalamu wa maabara mjini. Yeye alijaliwa kuona visivyoonekana. Mpe punje ya hindi inayong'aa kama jino la mtoto, atakuambia ina nini ndani.

Wa tatu ni Mchungaji Elieza. Kwake ni sauti. Akisema "simameni", hata walevi waliokaa nje ya uzio wa kanisa husimama.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mwaka ule mvua ilikuja wakati usio wake. Mahindi yalikuwa yamekwisha kukatwa, yamelazwa shambani yakauke, na mvua ikayanyeshea humo humo. Watu wakayakusanya mabichi, wakayarundika ndani ya nyumba, chini, juu ya udongo mtupu. Ilipofika Jumapili ya mavuno kila nyumba ikachambua. Mahindi mazuri wakayatenga kwa kula na kuuza. Yale yaliyoota ukungu wa kijani wakayafunga kwenye magunia, wakampelekea Mungu.

Ndiyo, nimesema Mungu. Mwenye mvua, mwenye udongo, mwenye pumzi zao. Kwake wakapeleka yale ambayo kuku wao wenyewe walikuwa wanayapita.

Mzee Mlewa, mzee wa kanisa mwenye mashamba makubwa kuliko wote, ndiye aliyeleta magunia mengi zaidi, akapigiwa vigelegele. Mchungaji Elieza akanyoosha mkono juu ya lile rundo, akabariki. Ghala la kanisa likajaa mpaka mlangoni. Humo ndimo ulimotoka unga wa wajane na wazee wasiojiweza, na humo ndimo ulimotoka uji wa chekechea.

Haukupita muda mrefu watoto wakaanza kuumwa. Walitapika, macho yakawa ya njano, matumbo yakavimba kama ngoma huku mikono ikibaki mifupa. Wazee wawili wakafa. Watoto wakafuata. Kijijini wakasema ni malaria, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mzee Mlewa akasema ni jaribu, tufunge na tuombe. Wakafunga na kuomba, na walipomaliza kufunga wakanywa uji kutoka ghala lile lile.

Siku alipokufa Amosi, mtoto pekee wa Sechelela, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa na jeneza lilikuwa likigongwa misumari. Sechelela akasimama mbele ya waombolezaji, akasema, "Mwanangu hazikwi leo. Anakwenda hospitali, wampasue, watuambie amekufa kwa nini."

Watu wakapigwa na butwaa. Mkwewe akamzuia njia kwa ghadhabu. "Mkwe wangu, mtoto amekwisha kufa. Unataka kumuua tena?"

"Baba, Amosi hasikii tena maumivu. Wanaoyasikia ni wale waliolala kwenye mikeka huko majumbani."

"Na siku ya ufufuo atafufuka vipi, amekatwakatwa?"

Sechelela akamtazama. Hakulia. "Mungu alimfinyanga humu tumboni mwangu bila msaada wa mtu. Hatashindwa kumuunganisha. Nipisheni njia."

Wakasema ni mchawi. Wakamwambia kuanzia siku hiyo si mtu wa ukoo ule. Akambeba mwanawe mwenyewe kwenye kitenge mpaka kwenye gari la zahanati, na mkononi alishika mfuko wa unga uliobaki jikoni mwa chekechea. Unga ule ulikuwa mchungu. Alikuwa ameuonja wiki zile alipokuwa akipika, akaongeza sukari ili watoto wasiukatae. Jambo hilo alimweleza daktari wa hospitali kwa sauti ile ile aliyomjibu mkwewe, bila kulipunguza.

Hospitali wakakata kipande cha ini la Amosi, wakakipeleka maabara pamoja na ule unga. Vikaangukia meza ya Nyemo.

Nyemo aliona jina la kijiji, akakaa kitini kwanza. Kisha akafanya kazi yake. Alipima, akarudia kupima, akamwomba mwenzake naye apime. Lilikuwa jambo moja tu: sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Haimalizwi na moto wa sufuria wala haifichwi na sukari. Inaingia kwenye ini na kulila.

Akaenda kwa mkuu wake wa kazi. Mkuu akasoma, akavua miwani. "Kazi nzuri, Nyemo. Sasa tusubiri kibali kutoka juu. Ukitangaza sumu kwenye mahindi utaleta taharuki, na soko litaanguka."

"Watoto wanakufa sasa hivi, mkuu."

"Mwaka jana tulisubiri, si ndiyo? Ukasaini kwamba umekubali kusubiri. Palitokea nini?"

Na hapo, ndugu zangu, ndipo Nyemo alipochomwa. Kweli mwaka uliotangulia alikuwa amepima mahindi ya wilaya ile ile, akaikuta sumu, ndogo lakini ipo. Akaambiwa asubiri, akasubiri, kibali hakikuja, naye akaendelea na kazi nyingine. Kila asubuhi aliomba kabla ya kugusa vyombo vyake, "Bwana, nionyeshe." Alionyeshwa. Akafumba macho kwa sababu bosi alimwambia afumbe.

Safari hii hakufumba. Alitoka na majibu, akapanda basi kwenda kwao, na kazi yake ikaishia siku hiyo.

Alifika Jumapili, watu wakitoka ibadani. Akasimama uwanjani akawaambia yote: ukungu, sumu, ini la Amosi, hata jinsi yeye alivyonyamaza mwaka uliotangulia. Akawaambia wamwage mahindi ya ghala na ya majumbani pia, hata yale yanayoonekana safi, mpaka yapimwe.

Walimcheka. Mzee Mlewa akasogea mbele. "Binti yetu, tunafurahi umesoma. Lakini mahindi haya yaliombewa. Maandiko yanasema hata tukinywa kitu cha kufisha hakitatudhuru."

"Basi kinywe wewe, Mzee," Nyemo akafoka. "Kinywe wewe mwenye imani hiyo. Kwa nini umnyweshe mtoto wa chekechea?"

Vurugu zikazuka. Mmoja alimvuta mkono, mwingine akapiga kelele kwamba huyu ametumwa na wafanyabiashara. Macho yote yakamgeukia Mchungaji.

Mchungaji Elieza alikuwa amesimama mlangoni na joho lake. Angeweza kusema tuombe. Angeweza kusema tuunde kamati. Watu wangemshukuru kwa lolote kati ya hayo.

"Alichosema Nyemo ni kweli," akasema, "na mimi nilijua nusu yake. Siku ya mavuno niliuona ule ukungu. Ulikuwa unanitazama. Nilitaka rundo liwe kubwa kuliko la kanisa la jirani, kwa hiyo nikanyoosha mkono juu ya uozo, nikasema amina. Msimsingizie Mungu. Mungu alitupa pua, akatupa macho, akatupa Nyemo. Tulivikataa vyote vitatu, halafu tukamwomba miujiza."

Akavua joho, akaingia ghalani, akabeba gunia la kwanza begani. Lilikuwa la Mzee Mlewa. Akalimwaga kwenye shimo la takataka, akawasha moto.

Mzee Mlewa akapiga yowe, "Unachoma sadaka! Unachoma mali ya Bwana!"

"Mali ya Bwana ni Amosi," Mchungaji akajibu, "na huyo tumekwisha kumchoma."

Mmoja akarusha jiwe, likampata shavuni. Hakuacha kubeba. Kwanza akasaidiwa na Nyemo, kisha mwanamke mmoja, kisha wawili, kisha wengi. Baadaye alizunguka na Nyemo nyumba kwa nyumba. Milango iliyofungwa kwa Nyemo ilifunguka kwa sauti ya Mchungaji, na watu wakatoa mahindi yao huku wakilia kwa uchungu, maana ilikuwa ni njaa waliyokuwa wakiichagua kwa mikono yao wenyewe. Ili wasife kwa hiyo njaa, Mchungaji aliyachukua mabati yaliyonunuliwa kujengea kanisa jipya, akayabadilisha kwa mtama na uwele, bila kuomba ruhusa. Wakubwa wake wakamsimamisha uchungaji.

Vifo vikakoma. Macho ya watoto waliobaki yakarudi kuwa meupe. Mwili wa Amosi ukarudishwa kutoka hospitali, ukazikwa, na kwenye mazishi yale mkwe wa Sechelela alishika koleo mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata Chisomelo walijenga ghala jipya la sadaka. Lina sakafu iliyoinuliwa na matundu ya hewa, na nje yake kuna maturubai ya kuanikia. Kanisa zima likakubaliana sheria moja: mwenye ufunguo wa ghala ndiye mwenye neno la mwisho. Akilikataa gunia, limekataliwa, liwe la mzee wa kanisa au la askofu. Wakasema ufunguo huo ndio heshima kubwa kuliko zote watakayompa yule aliyewaokoa.

Lakini ni yupi aliyewaokoa? Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Sechelela akasimama. "Nipeni mimi. Bila mwanangu kupasuliwa msingejua lolote. Nitalikataa hata gunia la mama yangu mzazi."

"Ulionja uchungu ukatia sukari, umekiri mwenyewe," akajibu mwanamke mmoja aliyefiwa na binti. "Wangu alikunywa kikombe chako."

Sechelela akakaa.

Nyemo akasema, "Sumu hii mara nyingine haionekani. Hindi laweza kuwa safi kwa macho na bado likaua. Kama si mimi, mngekuwa na mwili uliopasuliwa bure na mchungaji asiye na jambo la kutangaza."

"Na kama ungesema mwaka ule ulionyamaza," Sechelela akamgeukia, "mwanangu angekuwa darasa la kwanza."

Mchungaji Elieza alikuwa amekaa nyuma, hana joho. Vijana wakapaza sauti, "Apewe Mchungaji! Ini lilipasuliwa, sumu ikapimwa, na bado tukaendelea kula mpaka yeye alipochoma!" Naye akasema kwa hasira, "Aliyebariki ule uozo ni nani? Mnasahau upesi hivyo?" Lakini wengine wakamwambia kuwa aliyewahi kuubariki uozo ndiye atakayeuogopa zaidi.

Mzee Mlewa naye akainuka. "Hawa wote watatu wana damu mikononi. Ufunguo apewe mtu safi."

Kisha yule mwanamke aliyefiwa akauliza, "Mzee, mtu huyo ni nani? Ni nani hapa ambaye gunia lake halikuwa na ukungu?"

Wakaachana bila kuamua, na wengine mpaka leo hawasalimiani. Sasa mahindi yamekomaa tena, na Jumapili ya mavuno imekaribia.

Basi nawauliza nyinyi mnaonisikiliza, na sitaki jibu la kunifurahisha. Yuko mama aliyemtoa mwanawe apasuliwe, naye ndiye aliyetia sukari. Yuko mtaalamu aliyepoteza kazi kwa kusema, naye ndiye aliyenyamaza mwaka mmoja kabla. Yuko mchungaji aliyechoma kile alichokibariki yeye mwenyewe. Ungeondoa mmoja wao, watoto wangeendelea kufa. Gunia lako wewe liko mlangoni, na mtoto wako amekaa chekechea na kikombe chake mkononi.

Je, ufunguo ungempa nani?