Daraja Moja la Mto Likunga

Sogeeni. Nina kesi iliyonishinda mimi mwenyewe, nawaachia ninyi.

Katika mkoa wa Nanyale walikuwako wanawake watatu. Somoe Mchopa, wa jimbo la Chilungo, alikuwa na sauti. Akiita, mtu wa ng'ambo ya Mto Likunga hugeuka. Abesi Nangwele, wa Namatiti, alikuwa na miguu. Hapakuwa na nyumba asiyoijua njia yake. Mwanahawa Likwata, wa Lihwera (ni Lihwera, si Luhwera kama kibao cha barabarani kinavyosema), alikuwa na macho; akiketi kutazama kitu, hachoki. Walichezwa unyago pamoja, chini ya kungwi mmoja, wakala kiapo cha kwao: waliochezwa pamoja hawapingani mbele za watu.

Hospitali iko ng'ambo ya mto. Mvua zikianza, wagonjwa huvushwa kwa mtumbwi, na si wote wanaofika.

Uchaguzi wa wabunge ulipokaribia, chama cha Kinu kilisema: "Mkoa una majimbo matano. Tupeni matatu, tutawapa daraja." Mawili ya milimani yalijulikana kuwa ya wapinzani wao. Yakabaki haya matatu ya mtoni. Likianguka moja, daraja hakuna.

Chilungo watu waligoma kupiga kura. "Daraja hilo waliahidiwa hata babu zetu," walisema. Somoe akasimama sokoni. Hakumsifu mgombea yeyote. Alitaja majina ya waliokufa maji, na majina ya baba zao, na mwisho akamtaja mumewe. Wauza samaki wakaacha kupima. Siku ya kura Chilungo walipanga foleni.

Namatiti walitaka kupiga kura, ila kituo kilihamishwa ghafla hadi nyuma ya mikorosho, mbali. Abesi akapita nyumba kwa nyumba, akawaongoza wazee kwa njia za mkato.

"We Abesi," akalalamika Mzee Chitanda, "unanipeleka kwenye kura au kaburini?"

"Kura kwanza, babu. Kaburini hakuna foleni."

Lihwera walipiga kura bila taabu. Mwanahawa alikuwa wakala wa Kinu kituoni.

"Mama, nenda ukale," msimamizi akamwambia.

"Chakula kileteni hapa hapa."

"Hapa kuna jua."

"Jua nimezaliwa nalo, mwanangu."

Hakuondoa macho kwenye sanduku mpaka kura ya mwisho ilipohesabiwa. Gari lililoleta sanduku jingine, la kura za bandia, likarudi nalo.

Kinu kikapata majimbo matatu. Serikali ikaleta vyuma vya daraja moja.

Kila mbunge akavutia kwake. Mkuu wa mkoa, Bwana Mtelela, akachoka nao. Akaitisha mkutano, lori la vyuma likiwa nyuma yake. "Waiteni wale akina mama watatu walioleta kura, waamue," akasema. "Nisipotajiwa mahali leo, vyuma vinakwenda mkoa mwingine."

Wakasimamishwa. Somoe alikuwa mjane wa mto ule. Abesi alitoka jimbo lenye watu wengi kuliko yote. Binti wa Mwanahawa alikuwa na mimba kubwa, na mawingu yalikwisha kukusanyika. Kila mmoja aliyajua ya wenzake.

"Somoe! Leo sauti umeiacha wapi?" watu wakapiga kelele.

"Abesi, ukiwapa wengine usirudi Namatiti!"

Mtu kutaja jimbo lake ni kuwapinga wenzake hadharani. Kutaja jimbo la mwenzake ni kuwauza watu wake.

"Sema wewe," Abesi akanong'ona.

"Siwezi," akajibu Somoe. "Mwanahawa, sema wewe."

Mwanahawa akamtazama binti yake, akainamisha kichwa. Bwana Mtelela akamwashiria dereva. Lori likawashwa.

Hapo ndipo ninapowaachia. Lori linanguruma, na kati ya wanawake hao hakuna aliyefanya kazi pungufu ya mwenzake. Je, wewe ungeamua vipi? Taja jimbo moja. Kisha wageukie wale wawili waliokosa, uwaambie kwa nini.