Afande Aliyeshuka Handakini

Wapendwa, kaeni. Na wewe uliyesimama pale mlangoni, usiyetaka kuingia wala kuondoka, ingia ukae. Leo sitasema mengi. Neno nililo nalo ni chungu, na wiki nzima nimelala nalo vibaya.

Palikuwa na sajini mmoja wa polisi aliyestaafu. Wiki ya kwanza akapaka nyumba rangi. Ya pili akapunguza ua. Ya tatu akaanza kugombana na mkewe juu ya mahali pa kuweka kopo la chumvi. Wastaafu mliomo humu mnacheka, kwa hiyo mnajua ninachosema. Mkewe akamwambia atafute kitu cha kufanya nje ya jiko lake, naye akaenda kujiunga na klabu ya kulenga shabaha.

Msidhani ni mchezo wa watoto. Huko watu wazima hulala kifudifudi juu ya mkeka, bunduki begani, wakapiga shabaha iliyo mita mia tisa mbele yao. Mita mia tisa ni kutoka hapa tulipo mpaka kule kwenye kiwanda cha pamba. Inabidi ujue upepo unavuma wapi, uzitazame bendera, ubane pumzi, kisha uvute kidole taratibu kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Afande wetu aliyaweza haya yote. Baada ya mwaka mmoja vijana walikuwa wanamwita Mwalimu.

Sasa sikilizeni jinsi uwanja huo unavyofanya kazi. Chini ya zile shabaha kuna handaki refu la zege, na ndani yake wamo watu, kila shabaha na mtu wake. Risasi inapita juu ya kichwa cha mtu huyo na kutoboa karatasi. Yeye anaishusha shabaha, analitafuta tundu, analiziba kwa kipande cha karatasi na gundi, kisha anaipandisha tena na kuonyesha kwa kibao chekundu, kwenye ncha ya fimbo ndefu, pale risasi ilipoingia. Mpigaji hamwoni mtu huyo. Anakiona kibao tu, na kinachosemwa na kibao ndicho kinachoandikwa.

Klabu hiyo ilikuwa na desturi moja nzuri. Mashindano yakiisha, kila mpigaji hutembea zile mita mia tisa, hushuka handakini, akampa mkono mtu wa shabaha yake na kumshukuru. Wote walishuka, hata daktari, hata meneja wa benki. Afande hakushuka. Alisema goti lake ni bovu, akawa anatuma asante yake kwa redio ya mawasiliano. Miaka sita akatuma asante kwa redio.

Kwa nini nawasimulia habari za goti? Kwa sababu afande huyu alikuwa na mahali pengine ambapo hakushuka.

Alipokuwa bado koplo, ilitokea fujo sokoni. Yeye aliwekwa na bunduki juu ya paa la ghala. Akamwona kijana mmoja chini, katikati ya watu, ameinua kitu kirefu cha chuma. Akapiga mara moja, na kijana akaanguka. Baada ya dakika chache mkuu wake akamwambia kwa redio kwamba kile kitu ni pampu ya baiskeli. Yule kijana alikuwa fundi, anatengeneza magurudumu pale pembeni, na aliinua mkono kujikinga na mawe. Kisha mkuu wake akaongeza kwamba wao wataandika gobole, bunduki ya kienyeji, na kwamba yeye pia aandike gobole. Koplo hakushuka kwenda kutazama. Alikaa juu ya paa mpaka gari lilipokuja, na siku tatu baadaye akatia saini. Mbele ya hakimu akasema aliona gobole, na kwamba wenzake wa marehemu walikimbia nalo.

Basi yule kijana akazikwa kama jambazi. Baba yake akawa baba wa jambazi, na mama yake akienda kisimani wanawake wakawa wanahama upande. Ndugu zangu, mtoto akifa unalia, halafu siku moja unajaribu kumtaja kwa furaha, unasimulia alivyokuwa anapenda mihogo. Hawa wazee wawili hawakuweza kumtaja mtoto wao mbele ya mtu yeyote. Aliyewafungia mdomo ni mtu mmoja, na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Afande alijua. Mchungaji wake aliwahi kumwambia aende kwa wale wazee. Akajibu kwamba ataenda akistaafu, maana kabla ya hapo atapoteza kazi. Alipostaafu akasema ataenda msimu wa mashindano ukiisha. Na kulenga shabaha kulimpa raha, siyo uongo. Alimwambia mkewe kwamba pale uwanjani anapiga na hakuna anayelia, na kila tundu linazibwa, na karatasi inarudi juu nzima kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka wa sita akafika fainali. Imebaki risasi moja. Ikiingia duara la katikati atapata tano, na kombe ni lake. Akalala, akabana pumzi, akapiga. Shabaha ikashuka, ikapanda. Kibao chekundu kikasimama nje kidogo ya duara. Nne.

Afande akakataa. Akasema ameiona kwa darubini, imeingia, na kwamba mtu wa handakini ama ni kipofu ama ni mwongo. Msimamizi akasema atashuka yeye akahakikishe. Afande akasema, hapana, nashuka mwenyewe. Bunduki zikatolewa risasi, bendera nyekundu ikapandishwa, naye akaanza kutembea.

Goti? Goti lilipona, wapendwa. Miaka sita halikuweza kwenda kusema asante, na miaka ishirini na mbili halikuweza kwenda kusema nisamehe. Lakini kwa pointi moja goti likanyooka, likatembea mita mia tisa kwenye jua la saa nane bila kupumzika. Mnacheka tena. Haya, chekeni, tutaona mwishoni.

Akashuka ngazi za handaki na kumkuta mzee mmoja mwembamba, brashi ya gundi mkononi, kofia ya sufu kichwani. Afande hata hakumsalimia. Akamwuliza kama ni yeye aliyempa nne.

Mzee akasema, "Ni mimi. Tundu la risasi ya mwisho sijaliziba bado. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Tundu lilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kidole. Hakuna ubishi. Na alipoinua macho ndipo akaiona sura ya yule mzee, naye akaikumbuka, maana alikuwa ameikwepa siku nzima mahakamani.

"Unanifahamu?" akauliza.

"Nakufahamu, afande. Toka siku ya kwanza niliposoma jina lako kwenye orodha ya wapigaji. Niliomba shabaha yako mimi mwenyewe."

Afande akarudi nyuma hatua moja. Nadhani alitazama kama mzee ana kitu mkononi. Alikuwa na brashi tu.

Mzee akasema, "Usiogope. Niliambiwa huku wapigaji hushuka kusema asante, nikasema basi na wewe utashuka, tutaonana. Miaka sita nimekuonyeshea risasi zako. Iliyoingia nimesema imeingia, iliyokosa nimesema imekosa. Ningeweza kukudhulumu, hakuna ambaye angejua. Sikukudhulumu hata moja. Na wewe ulikuwa na risasi moja tu ya kunisemea kweli."

Sasa hamcheki tena.

Mzee hakumtukana. Hakuomba fidia wala hakutaka mtu afungwe. Akamwambia kwamba mama wa yule kijana bado yu hai, na anachotaka ni kitu kimoja kabla hajafa: afande aje asimame pale sokoni, au mbele ya mwenyekiti wa kijiji, aseme ilikuwa pampu. Dakika moja inatosha.

Afande akasema, "Mzee wangu, mimi nina wajukuu. Nikisema hilo leo, nitaitwaje?"

Mzee akajibu, "Sijui utaitwaje. Mwanangu najua anavyoitwa."

Juu king'ora kikalia. Msimamizi akauliza kwa redio, malalamiko yapo au hayapo? Afande akaichukua redio ya handakini, akatazama tena lile tundu, akasema wazi kabisa, "Ni nne. Mtu wa handakini amesema kweli."

Nasikia mmoja anasema ahaa. Ngoja. Mnafikiri ametubu? Mtu huyu aliweza kusema kweli juu ya kipande cha karatasi. Alikubali kukosa kombe, watu wakampigia makofi, wakasema tazama uungwana wa mzee huyu. Kisha akapanda ngazi na kuondoka. Msimu uliofuata akaiandikia kamati barua ya heshima, akaomba abadilishiwe shabaha. Wakampa ile ya mwisho kabisa upande wa pili, kwa mtu mwingine wa handakini.

Masika yaliyofuata yule mzee akafa. Afande alisikia. Akapeleka shada la maua kwa mkono wa karani, na juu yake hakuandika jina lake, aliandika jina la klabu. Mama wa kijana yule alimzika mumewe kando ya mwanawe, na mazishini watu walikuwa wachache, maana nani anakwenda kwa jambazi? Afande bado analenga shabaha. Anapiga vizuri. Usiku analala. Ndiyo, analala, msidanganywe kwamba mtu wa namna hiyo halali. Anayekesha ni yule mama.

Mfano wangu umeishia hapo. Hakuna sehemu nyingine nzuri niliyoificha.

Sasa tuje kwetu sisi. Afande yule hayupo, nimemtunga. Sisi tupo. Sisi ambao tulisema neno moja kazini na mwenzetu akafukuzwa. Sisi tuliosema yule binti ana tabia mbaya, na hatukuwa na hakika, na binti mpaka leo hajaolewa. Tulipiga kutoka mbali, na hatukushuka kuona ilipoingia. Halafu tunakuja hapa, tunafumba macho, tunaungama kwa Mungu. Kwa nini kwa Mungu ni rahisi? Kwa sababu Mungu anajua tayari, na hatawaambia majirani. Tunachokiogopa siyo kuungama. Tunaogopa kutembea. Tunaogopa kumkuta mtu mwenyewe, mzima, anatutazama, naye hajawahi kutudhulumu.

Wewe una goti gani? Mwingine goti lake ni kazi nyingi. Mwingine anasema yalipita, tusifukue. Mwingine anatuma zawadi.

Na mimi natuma zawadi. Tulieni, ndugu zangu, acheni niseme, maana nikikatizwa nitashindwa.

Miaka kumi na moja iliyopita marehemu kaka yangu alikufa ghafla. Wengi wenu mlikuwepo. Kwenye kikao cha ukoo niliulizwa, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kufika nyumbani kwake, kama niliona chochote. Nikasema, nilikuta kikombe karibu na kitanda. Basi. Sikusema kingine. Nikaacha ukoo umalizie wenyewe, nao wakamalizia, wakasema mke wake amemlisha kitu. Shemeji yangu akafukuzwa akiwa na kanga mbili, bila watoto wake. Anaishi kule ng'ambo ya reli, anasuka mikeka, na hakuna mtu wa mtaa wake anayekula chakula alichopika yeye. Kila mwezi nampelekea mchele kwa mkono wa mtu.

Kikombe kile kilikuwa na uji. Niliunywa mimi mwenyewe asubuhi ile, kwa sababu nilikuwa na njaa, na sikudhurika. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na kifo na nilitaka kiwe na mtu wa kulaumiwa.

Ukoo wangu umo humu ndani, benchi la tatu na la nne. Baba zangu wadogo, shangazi, mmesikia: ulikuwa uji, na niliunywa. Leo sitatoa baraka. Mzee wa kanisa atafunga ibada kwa sala, na atakayenisubiri nje asinisubiri. Mimi naenda ng'ambo ya reli, kwa miguu, kumwambia shemeji yangu kwamba nimewaambia.